Mfalme Richard wa Tatu na Watoto wa Nduguye

Katika toleo hili Mhariri ameniomba niandike habari za maisha ya mtu mashuhuri wa zamani, nami nimemchagua Richard wa Tatu, aliyekuwa Mfalme wa Uingereza tangu mwaka 1483 hata 1485. Wazazi wetu watakaoletewa gazeti hili wakati wa likizo huenda wakauliza kwa nini kijana wao amekwenda mbali hivyo kutafuta mtu wa kuandika habari zake. Sababu ni kwamba muhula huu Chama chetu cha Maigizo na Midahalo kilimfanyia mfalme huyo kesi katika bwalo, usiku wa Jumamosi mbili, nami nilikuwa karani wa mahakama. Kazi yangu ilikuwa kusoma mbele ya watu maisha ya mshtakiwa tangu kuzaliwa kwake hata kufa. Basi haya mtakayoyasoma hapa ndiyo niliyoyasoma siku ile, pamoja na mengine ambayo karani haruhusiwi kuyasema, yaani maoni yangu mwenyewe.

Shtaka lenyewe wala si geni kwetu. Mtu amefariki, ameacha wana wawili wadogo na mali nyingi. Ndugu wa marehemu, ambaye sisi tungemwita baba mdogo wa watoto hao, amekabidhiwa awalinde na kuitunza mali mpaka wakue. Haikupita miezi mitatu, mali iko mikononi mwa baba mdogo, na baada ya muda kidogo watoto hawaonekani tena. Tofauti ni kwamba mali hii ilikuwa ni nchi nzima.

Richard alizaliwa tarehe 2 Oktoba 1452 katika ngome ya Fotheringhay. Baba yake, ambaye naye aliitwa Richard, alikuwa Duke wa York, mtu wa ukoo wa kifalme aliyedai kwamba yeye ndiye mwenye haki ya kukalia kiti, wala si Mfalme Henry wa Sita. Hapo yafaa niwaonye wasomaji: katika habari hizi karibu kila mwanamume anaitwa Richard, Edward au Henry, na anayesoma haraka atapotea kama tulivyopotea sisi katika mazoezi ya kwanza. Madai hayo ya Duke yalileta vita vya ndugu kwa ndugu ambavyo vilizimika na kuwaka tena kwa miaka 30 hivi. Tarehe 30 Desemba 1460 Duke aliuawa vitani karibu na Wakefield. Adui zake wakakiweka kichwa chake juu ya lango la mji wa York, wakakivika taji la karatasi kwa dhihaka. Mwanawe Richard alikuwa mtoto wa miaka 8.

Haukupita muda mrefu kaka yake mkubwa, kijana mrefu mwenye nguvu wa miaka 18, alishinda vita akawa Mfalme Edward wa Nne. Hii ilikuwa mwaka 1461. Richard akapewa cheo cha Duke wa Gloucester, akapelekwa kaskazini katika ngome ya Middleham kufunzwa kupanda farasi na kutumia silaha. Mwaka 1470 bahati iligeuka. Edward akafukuzwa nchini, akakimbilia ng'ambo ya bahari, na Richard akafuatana naye. Mwaka uliofuata walirudi na jeshi. Richard alikuwa na miaka 18 tu, walakini alipigana Barnet tarehe 14 Aprili 1471 na Tewkesbury tarehe 4 Mei, na ukoo wa York ukarudi katika kiti. Baadaye akamwoa Anne Neville, wakapata mtoto mmoja wa kiume. Kwa zaidi ya miaka kumi aliisimamia kaskazini kwa niaba ya kaka yake, akaamua mashauri ya watu na kulinda mpaka wa Uskoti, na watu wa mji wa York walimpenda sana. Nayasema haya kwa sababu baadhi yetu katika chama tulidhani mshtakiwa alizaliwa mwovu. Hadi kufikia umri wa miaka 30 sioni neno baya kubwa lililothibitishwa juu yake. Alikuwa ndugu mwaminifu, katika nyumba ambayo ndugu hawakuwa waaminifu wote, maana ndugu yao wa kati, George Duke wa Clarence, alimwasi Edward, akasamehewa, akakosa tena, na mwaka 1478 akauawa kwa hukumu ya Edward mwenyewe.

Sasa twafika kwenye jambo lenyewe, nami nitakwenda polepole.

Tarehe 9 Aprili 1483 Mfalme Edward wa Nne akafa kabla ya kutimiza miaka 41. Aliacha wana wawili. Wa kwanza aliitwa Edward, miaka 12, ambaye kwa kifo cha baba yake mara ile alikuwa Mfalme Edward wa Tano. Wa pili alikuwa na miaka 9, na jina lake Richard, kama baba yake mdogo. Edward mdogo alikuwa Ludlow, upande wa magharibi, akilelewa na mjomba wake Earl Rivers, ndugu wa mama yake, Malkia Elizabeth Woodville. Tazameni basi jinsi mambo yalivyokaa: upande mmoja wajomba, upande wa pili baba mdogo, na mtoto katikati. Marehemu alikuwa amemtaka Richard awe Mlinzi wa Ufalme mpaka mtoto akue, lakini wajomba hawakumtaka Mlinzi mwenye nguvu nyingi.

Mtoto aliondoka Ludlow na watu wa mjomba wake kwenda London kuvikwa taji. Richard alitoka kaskazini. Tarehe 30 Aprili alimkamata Earl Rivers, ambaye usiku uliotangulia alikuwa amekula naye chakula, akampata mtoto Stony Stratford, akapiga magoti mbele yake kama mfalme wake, kisha akawafukuza watumishi wake wote. Malkia alipopata habari alikimbia usiku na mwanawe wa pili na binti zake, akaingia Westminster mahali patakatifu, ambapo kwa desturi ya siku zile mtu hakuweza kukamatwa. Tarehe 4 Mei Richard na mtoto waliingia London, na baadaye mtoto akawekwa katika ngome kuu iitwayo Tower. Hapo wakili wa utetezi katika bwalo letu alisimama kwa haki kabisa kueleza kwamba Tower wakati ule haikuwa gereza tu. Ilikuwa pia jumba la kifalme, na wafalme walikaa humo kabla ya kuvikwa taji.

Tarehe 13 Juni, katika mkutano wa washauri ndani ya Tower, Richard alimkamata Lord Hastings, rafiki mkubwa wa marehemu kaka yake, na siku ileile Hastings akakatwa kichwa pasipo kesi. Tarehe 16 Juni Askofu Mkuu wa Canterbury alimshawishi Malkia amtoe mtoto wa pili, ili akae na kaka yake kwa ajili ya sherehe. Malkia akamtoa, na mahali patakatifu palikuwa pamezungukwa na askari. Tarehe 22 Juni mhubiri mmoja alisimama hadharani London na kutangaza kwamba watoto wa marehemu si halali, na baadaye ikaelezwa kwamba sababu ni kuwa Edward alikuwa amekwisha kufunga ahadi ya ndoa na mwanamke mwingine kabla ya kumwoa mama yao. Tarehe 26 Juni Richard akakubali kuwa mfalme. Karibu siku zizo hizo Earl Rivers alikatwa kichwa kaskazini. Tarehe 6 Julai 1483 Richard akavikwa taji.

Mtu mmoja mgeni alikuwako London siku zile, Mwitaliano jina lake Dominic Mancini. Aliondoka mwezi Julai, na kabla ya mwaka kwisha akayaandika aliyoyaona na kuyasikia. Maandishi yake yalisahauliwa kwa karne nyingi hata yakaonekana tena katika maktaba ya mji wa Lille, Ufaransa, yakachapishwa mwaka 1936. Kwa habari yake, baada ya Hastings kufa watoto walipelekwa vyumba vya ndani zaidi vya Tower, wakawa wanaonekana madirishani siku kwa siku kwa uchache, mpaka wakaacha kabisa kuonekana. Daktari wao alieleza kwamba mkubwa alikuwa akitubu dhambi zake kila siku, kwa kuwa alidhani kifo kinamjia. Mancini asema aliona watu wazima wakilia machozi mtoto huyo alipotajwa. Asema pia kwamba hakupata kujua kama wameuawa, wala kwa njia gani. Mimi nilipoyasoma hayo mbele ya bwalo palikuwa kimya, hata vijana wa kidato cha kwanza waliokuwa wakicheka taji la boksi la mshtakiwa waliacha.

Richard alitawala zaidi kidogo ya miaka miwili. Haki humpasa hata mshtakiwa, kwa hiyo nitaje kwamba Bunge lake la mwaka 1484 lilitunga sheria njema. Mtu aliyekamatwa kwa shuku aliweza kupata dhamana, na mali yake isichukuliwe kabla ya hukumu. Wafanyi biashara hawakulazimishwa tena kutoa zile pesa ambazo mfalme aliziita zawadi. Vitabu kutoka nchi nyingine viliruhusiwa kuingia bila kizuizi. Lakini bahati yake ilikuwa imekwisha. Mwezi Oktoba 1483 Duke wa Buckingham, aliyemsaidia kupata kiti, alimwasi, akakamatwa na kuuawa tarehe 2 Novemba. Mwezi Aprili 1484 mwanawe wa pekee akafa. Tarehe 16 Machi 1485 Malkia Anne akafa naye, siku ambayo jua lilipatwa, na watu wakaanza kunong'ona kwamba mfalme amempa mkewe sumu ili amwoe Elizabeth, binti wa kaka yake. Wasomaji nawaomba mlishike neno hili, maana nitalirudia: mwisho wa mwezi ule Richard aliwaita wakubwa wa mji wa London, akasimama mbele yao akaukana uvumi huo kwa sauti yake mwenyewe.

Tarehe 22 Agosti 1485, karibu na Bosworth, alikutana na jeshi la Henry Tudor aliyetoka Ufaransa. Vita vilipokwenda vibaya Richard hakukimbia. Aliwaongoza wapanda farasi wachache akamwendea Henry mwenyewe, akamwua mshika bendera wake, na kabla hajamfikia akazungukwa akauawa. Hata adui zake walikubali kwamba alikufa kishujaa. Alikuwa na miaka 32. Maiti yake ililetwa Leicester juu ya farasi, uchi, ikazikwa bila heshima katika kanisa la watawa. Wazee wa mji wa York waliandika katika kitabu chao cha baraza kwamba mfalme wao ameuawa, na kwamba ni huzuni kubwa kwao, ingawa yule aliyemshinda ndiye sasa mfalme. Kwangu mimi huo ni ushahidi mzuri kuliko sifa nyingi, kwa kuwa walioandika hawakuwa na faida ya kupata.

Hayo ndiyo maisha. Sasa kesi.

Richard amehukumiwa mara nyingi tangu afe, na mara nyingi zaidi ni katika maigizo. Wa kwanza kutoa hadithi kamili ya mauaji ni Sir Thomas More, aliyeandika miaka 30 hivi baadaye. Kwake Richard alimtuma mtu kwa mlinzi wa Tower, mlinzi akakataa. Ndipo akatumwa Sir James Tyrell, na usiku watu wawili wakawaziba watoto pumzi kwa mito na matandiko, wakawazika chini ya ngazi. More alikuwa mtoto wa miaka 5 wakati wa mambo hayo, na kitabu chake hakukimaliza. Zaidi ya miaka 100 baada ya Bosworth, akaja Shakespeare na mchezo wake wa kuigiza. Mwalimu Nyerere alitutafsiria Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, mchezo huu wa Richard hakuutafsiri, lakini ni katika michezo iliyochezwa sana duniani. Humo mfalme ana kibyongo na mkono uliokauka, naye anaufurahia uovu wake na kuwaeleza watazamaji kila hila kabla ya kuitenda. Mchezo ulitungwa wakati wa Malkia Elizabeth wa Kwanza, mjukuu wa yule Henry Tudor. Mtungaji gani angemsifu mtu aliyepinduliwa na babu ya malkia?

Mwaka 1951 mwanamke mwandishi, Josephine Tey, alitoa hadithi ya upelelezi ambamo askari mpelelezi amevunjika mguu, amelala hospitali, anatazama picha ya Richard na kuanza kuipeleleza kesi hiyo kitandani kwa vitabu tu. Mwisho anamwona hana hatia, na anamshuku Henry. Wasomaji wengi waligeuzwa mawazo na hadithi hiyo. Mwaka 1984 televisheni ya Uingereza ilifanya kesi nzima, yenye mawakili wa kweli, mashahidi wataalamu wa historia, na jaji aliyekuwa zamani mkuu wa majaji wa nchi. Baraza lililoamua lilisema hana hatia. Kesi hiyo ndiyo iliyompa mwalimu wetu wa historia wazo la kuifanya yetu.

Kisha mifupa ikasema. Mwezi Agosti 2012 wachimbaji walichimba kiwanja cha kuegesha motokaa Leicester, pale lilipokuwa kanisa la watawa, wakakuta mifupa ya mwanamume. Tarehe 4 Februari 2013 ilitangazwa kwamba ni yeye, kwa kulinganisha chembe za urithi na za watu wa ukoo wa dada yake walio hai. Mifupa ilikuwa na majeraha 11 ya wakati wa kufa, 9 kati yake kichwani. Uti wa mgongo ulipinda upande, hata bega moja likawa juu kuliko jingine, lakini kibyongo hakikuwako, na mikono yote miwili ilikuwa mizima. Basi wakili wetu wa utetezi akapiga meza kwa furaha. Akasema, kwa kifupi, kwamba waliosema uongo juu ya mkono wamesema uongo juu ya watoto.

Hapo ndipo nilipotamani karani apewe ruhusa ya kuzungumza. Mkono mzima hauonyeshi kwamba mtu hakutenda neno. Unaonyesha tu kwamba waliomchukia walimzidishia. Mtu aweza kusingiziwa mambo kumi, na la kumi na moja likawa kweli.

Lakini upande wa mashtaka nao walianza vibaya. Mwendesha mashtaka wetu alijenga jengo lake juu ya hadithi ya More, mito na matandiko na ngazi, akamaliza kwa methali ya lisemwalo lipo. Jaji, yaani mwalimu wetu, alimkemea kwamba mahakamani lisemwalo ni ushahidi wa kusikia. Na mambo ya utetezi hayakuwa mepesi. Hakuna aliyeona. Mtu wa kutumika kama Buckingham alikuwa na nguvu na pengine sababu zake mwenyewe. Henry alipokuwa mfalme alimshtaki Richard kwa maneno ya jumla juu ya damu ya watoto, lakini hakuwataja wale wawili kwa majina wala kueleza walipo, na ilimfaa sana kueleza. Zaidi ya yote, tarehe 1 Machi 1484 Richard aliapa mbele ya wakubwa kwamba binti za marehemu hawatadhuriwa, na mama yao akawatoa Westminster akawakabidhi kwake. Je, mama atawapeleka binti zake kwa mtu aliyewaua wanawe? Swali hilo lilitikisa bwalo lote. Mpishi wetu mmoja, mama wa makamo aliyekuwa amesimama mlangoni akitazama, alisema kwa sauti kwamba mama asiye na pa kwenda hupeleka. Jaji aliamuru maneno yake yasiandikwe, nami kama karani sikuyaandika katika kumbukumbu, lakini hapa nayaandika.

Jumamosi ya pili mwendesha mashtaka aliacha mito na ngazi, akafuata njia nyingine, nami naiona ndiyo njia ya haki. Hakuuliza tena nani aliwaua. Aliuliza nani alikabidhiwa, na aliwaonyesha nani, na lini. Watoto walikuwa katika ngome ya mfalme, chini ya walinzi wa mfalme. Tangu kiangazi cha 1483 uvumi ulienea kwamba wamekufa. Mwezi Januari 1484 waziri mkuu wa sheria wa Ufaransa aliusema mbele ya mkutano wa nchi. Waasi waliuchochea vita kwa ajili yake. Dawa ya uvumi huo ilikuwa ndogo sana: kuwatoa watoto siku moja, wapite barabarani, watu wawaone. Kwamba dawa hiyo ilijulikana tunao mfano. Mwaka 1487 kijana Lambert Simnel alitumiwa na waasi kumwigiza mtoto wa yule Duke wa Clarence. Mfalme Henry alimtoa mtoto mwenyewe kutoka Tower, akampitisha London hadi kanisa kuu la St Paul's ili kila mtu amwone. Na Richard mwenyewe, kama nilivyowaomba mlishike, uvumi wa kumwoa binti wa kaka yake aliukana hadharani. Uvumi juu ya watoto, uliomgharimu zaidi, hakuukana, hakuwaonyesha, hakutangaza kwamba wamekufa kwa homa, hakufanya matanga. Miaka miwili hakusema neno.

Wakili wa utetezi akajibu kwamba huenda walifichwa ng'ambo wapone. Alileta habari ya mwaka 2023, ya stakabadhi iliyoonekana katika hifadhi ya Lille, ya mwezi Desemba 1487, inayohusu mikuki mirefu 400 iliyonunuliwa kwa ajili ya mtoto wa Mfalme Edward. Upande wa pili wakajibu kwamba mwaka 1487 ndio mwaka wa Simnel, na waliomwunga mkono mtu wa uongo hawangeandika katika stakabadhi kwamba ni wa uongo. Kisha wakaleta habari ya mwaka 2024, ya wasia wa mwaka 1516 wa mwanamke aliyekuwa jamaa wa James Tyrell kwa ndoa, ambaye anamrithisha mwanawe mkufu uliokuwa wa Mfalme Edward wa Tano. Mkufu wa mtoto ulifikaje kwa watu wa Tyrell? Kwangu hilo ni zito kuliko hadithi yote ya More, ingawa mkufu nao waweza kupita mikono mingi katika miaka 33.

Mshtakiwa hakusema neno muda wote. Shakespeare alimpa maneno mengi kuliko mtu yeyote mwingine katika mchezo wake. Sisi katika kamati tulikubaliana kwamba neno lolote tutakalomtilia kinywani litakuwa letu, na mshtakiwa ana haki ya kunyamaza. Kijana wa kidato cha tatu aliyeigiza alikaa saa tatu kwa usiku mbili akitazama mbele, na baadaye alinieleza kwamba kazi hiyo ni ngumu kuliko kukariri kurasa kumi.

Wazee wetu wa baraza walikuwa saba, waliopigiwa kura kutoka vidato vya chini. Waliulizwa kama imethibitika pasipo shaka kwamba Richard aliamuru watoto wauawe. Wanne walisema haikuthibitika, watatu walisema imethibitika. Mdogo wao, wa kidato cha pili, akaomba ruhusa ya kuuliza kama mahakama yaweza kujibu swali ambalo haikuulizwa, yaani kama baba mdogo anawajibika kwa watoto waliopotea mikononi mwake. Jaji aliwaza kidogo, akaruhusu. Wote saba walisema anawajibika, pamoja na wale wanne. Nami ningekuwa mzee wa baraza ningesema kama hao wanne katika swali la kwanza, na kama wote katika la pili.

Richard alizikwa upya katika kanisa kuu la Leicester tarehe 26 Machi 2015, kwa maaskofu na nyimbo na kaburi la jiwe lenye jina lake. Watoto hawana kaburi la hakika. Mwaka 1674 mafundi waliokuwa wakibomoa ngazi katika Tower walikuta sanduku lenye mifupa ya watoto wawili, wakaitupa pamoja na kifusi, kisha ikakusanywa tena. Mfalme Charles wa Pili aliamuru itiwe katika chombo cha marumaru ndani ya kanisa la Westminster, mwaka 1678, pamoja na maandishi ya Kilatini yanayomtaja baba yao mdogo kuwa ndiye mwuaji. Mwaka 1933 madaktari walikifungua. Walikuta mifupa ya watoto wawili imechanganyika na ya wanyama, wakakadiria umri wao kuwa karibu na ule wa Edward na Richard mdogo, lakini kama ni wavulana au wasichana elimu ya siku zile haikuweza kuwaambia. Wakairudisha, wakafunga.